Kikombe Nisichokiomba

Kabiria, Nairobi
Jumatatu, baada ya magharibi

Mama yangu mpenzi,

Kwa heshima na taadhima, na kwa kuwa katika ukoo wetu hajatokea mtu aliyewahi kufikwa na jambo la namna hii, nachukua nafasi hii kukutangazia wewe, ndugu, jamaa na majirani wote kwamba tangu jana alasiri mimi mwanao Bakari ni mwenye kikombe. Kina masikio mawili, kinang'aa, na kimesimamishwa juu ya kigogo cha mbao. Hakifai kwa chai. Nimejaribu. Kinavuja pale kilipogundishwa.

Baada ya tangazo hilo naishika miguu yako. Goti linaendeleaje? Yale mafuta ya habasoda niliyompa dereva wa basi yalifika yote, au yalifika yaliyosalia? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ukiondoa mgongo, na hasira ambayo haijanishuka tangu jana. Ndiyo maana naandika. Kupiga nimepiga, lakini simu yako haishikwi, na najua imo ndani ya mtungi wa mchele unamoificha wajukuu wasiichezee. Hata ikishikwa, mimi husema neno moja na wewe ukasema yaliyobaki. Karatasi angalau hainikati kauli. Athmani mdogo wangu akikusomea, mwambie asiruke mistari kama ilivyo tabia yake.

Mama, jambo lenyewe ni lile la pikipiki, na ile nadhiri yako.

Nirudi nyuma kidogo, isije ikasemwa sikueleza. Wajua nashinda juma zima dukani kwa Hajji, Mtaa wa Biashara, nyuma ya kaunta, napima lesi na kuuza vifungo. Anakuja mteja anataka kifungo cha bluu. Namtolea cha bluu. Anasema si bluu hii. Nairobi ina bluu nyingi kuliko unavyodhani. Ikifika Jumamosi jioni macho yameingia rangi na miguu imesahau kazi yake. Sasa mwaka juzi padri mmoja wa Waithaka alihamishwa, akaacha nyuma pikipiki kuukuu, ile ya magurudumu yenye meno, ya kupandia vilima. Hakuna aliyeitaka kwa sababu ilikuwa ikikohoa. Nikaichukua mimi. Fundi mmoja wa hapo hapo Waithaka, kijana aitwaye Kariuki, akaitibu kikohozi, kisha akaniambia kwamba kuna watu wazima wenye kazi zao ambao Jumapili hukusanyika kwenye kiwanja kimoja kule mbele ya Barabara ya Ngong, wakashindana kwa pikipiki matopeni, bila kulazimishwa na mtu. Nikaenda kutazama tu. Jumapili iliyofuata nikaenda na kofia ngumu.

Siku hiyo nikashika mkia, na tangu hapo sijauachia. Wala sijawahi kushika kitu kwa furaha kama hicho.

Najua hulielewi, na huku pia halieleweki, lakini nivumilie. Wa mwisho hana adui. Wenzangu wanakula vumbi la waliowatangulia. Mimi huwaachia nafasi kubwa, hata vumbi limeshalala ninapofika. Naona mambo wasiyoyaona wao. Pale kwenye kona ya pili kuna mwanamke huanika nguo juu ya ua wa michongoma, na kila nikipita hunipungia mkono, kwa sababu ni mimi peke yangu niendaye mwendo wa kuweza kumrudishia. Halafu kuna kilima kidogo. Ukikipanda vizuri, ukifika juu tumbo linabaki nyuma yako kidogo, kisha linakufuata. Kwa ajili ya hicho tu, Mama, naweza kuuza vifungo juma zima na nikatabasamu. Mizunguko huwa siihesabu. Anayehesabu ni yule mwenye haraka ya kumaliza.

Basi ukapata habari, kwa ile picha yangu nimepakaa matope mpaka kwenye kope, ukadhani nimeporwa nikatupwa mtaroni. Nikakueleza. Ukauliza, "Na hushinda?" Nikasema sishindi. "Basi wakimbilia nini?" Nikasema nafurahi. Ukaguna, na ukiguna wewe kwenye simu, mimi huku husimama wima. Ndipo ukaweka nadhiri mbele ya Athmani na shangazi: siku Bakari atakayoshinda, utamchinja yule beberu mweusi, maulidi yatasomwa uani, na Bakari ataiacha pikipiki asiipande tena. Kwa akili yako, mtu hushindana ili ashinde, na akishashinda haja imekwisha. Nami nikajibu upesi, "Naam, Mama, siku nikishinda naacha." Nilijibu upesi kwa kuwa najijua. Wewe ulidhani umenipiga chenga, mimi nikadhani nimekupiga chenga. Kati yetu sote, beberu ndiye aliyekuwa akiniombea nishindwe kwa moyo safi.

Kosa langu ni moja tu, nalo ni kumweleza Mama Wanjiru.

Huyu ndiye mwenye nyumba wangu. Ni mama wa kanisani, mtu mwema kupita kiasi, na hapo kwenye "kupita kiasi" ndipo ninapoteseka. Ploti yake ina vyumba vinavyotazamana, na bomba moja katikati. Huku bara jambo la mtu likishafika bombani si lake tena. Linapata mwenyekiti.

"Ustadh," akaniambia, maana wananiita Ustadh ingawa nimewaapia kwamba mimi ni mtu wa vifungo. Huku ukitoka pwani na ukasema "tafadhali" umeshakuwa shehe. "Ustadh, ati mama yako anataka ushinde?"

"Hapana, Mama Wanjiru. Anataka niache."

"Lakini si amesema ukishinda atachinja mbuzi?"

"Amesema, lakini..."

"Hapo hakuna lakini. Mzazi akitoa mbuzi, hiyo si mchezo. Wewe utashinda."

Akaomba nambari yako. Nikampa, Mungu anisamehe, nikidhani ni ya salamu za Idd. Tangu hapo mnazungumza kila juma, yeye kwa Kiswahili cha Dagoretti na wewe kwa Kiswahili cha Lamu, na sidhani kama kuna hata mmoja anayeelewa nusu ya maneno ya mwenzake, lakini mmekubaliana katika kila jambo.

Kamati ikaundwa palepale. Mwenyekiti, Mama Wanjiru. Mweka hazina, Baba Njeri wa chumba cha pembeni, ingawa hazina haipo. Fundi Kariuki akaingizwa kama mtaalamu. Kila Alhamisi wanakutana kuzungumzia ushindi wangu, na mimi hualikwa, huketishwa kiti chenye mto, wala sipewi nafasi ya kusema. Alhamisi iliyopita waliiombea pikipiki. Mama mmoja wa kikundi chao akaiwekea mkono. Nilikuwa nimetoka nayo mjini saa hiyo hiyo na injini ingali moto, akapiga ukelele, na wenzake wakaitikia kwa nguvu wakidhani ombi limepokelewa.

Kariuki naye akafanya lake bila kuniuliza. Asubuhi ya jana nawasha pikipiki, nasikia sauti siijui. Naigusa kidogo, inaruka kama punda aliyeumwa na nyuki.

"Kariuki, umeifanya nini?"

"Nimeifungua roho. Ustadh, hii injini ilikuwa inakubeba kama imebeba mayai."

"Mimi nataka kubebwa kama mayai."

"Wacha hizo. Mwenyekiti amesema."

Mama, mtu akikuchukia unaweza kujikinga. Hawa wananipenda, na kila wanapozidisha mapenzi nakaribia kunyang'anywa Jumapili yangu. Niliwaeleza waziwazi: nikishinda, naacha. Baba Njeri akasema, "Ndiyo vizuri, unaacha ukiwa juu." Nikawaeleza kwamba juu si pangu. Wakacheka, wakasema watu wa pwani wana maneno matamu.

Jana basi wakaja wote uwanjani. Walikodi gari la kubebea nyasi. Walikuja na miavuli, sufuria ya mukimo, chakula chao cha viazi vya kupondwa, na kitambaa kikubwa kilichoandikwa USTADH MBELE. Daktari Mutiso alikisoma mara mbili. Huyu ni daktari wa meno, ana kliniki yake Hurlingham, na ndiye hushinda siku zote. Huvaa bluu tupu kutoka kofia mpaka viatu, na ile bluu ni ya ghali, mimi bluu nazijua. Ni muungwana, ila hawezi kukusalimia bila kukutazama meno.

Mbio zikaanza. Nikaishika ile pikipiki kwa breki, nikarudi kwenye mkia wangu, mambo yakawa mazuri. Mtu wa bluu akanipita. Baadaye mtu wa bluu akanipita tena, nikasema moyoni, kumbe leo wako wawili. Nikampungia mkono mwanamke wa michongoma, akanipungia. Nikakipanda kilima, tumbo likabaki, likafuata. Halafu mvua ikaja.

Udongo wa kule ni mweusi, ule ambao ukilowa hukuvua kiatu na kukuachia soksi. Kule bondeni, chini ya kilima, wenzangu wote walikuwa wameingia kwa kasi yao ya siku zote, na wote wakabaki humohumo. Daktari alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake akichokonoa matope kwenye gurudumu kwa kidole, kama anayetafuta jino. Mimi hupita pembeni, kwenye nyasi, njia ya mbuzi, si kwa ujanja, ni kwa kuwa sipendi kurushiwa matope. Nikapita pembeni kama kawaida yangu. Nikawasalimia.

Nilipotoka kule, mbele yangu hapakuwa na mtu. Mama, ule upweke sijawahi kuuona. Nimezoea nyuma yangu pawe patupu. Mbele yangu pakiwa patupu napotea. Nikaona kamba ya kumalizia, nikamwona Bwana Otieno, mzee wa bendera, amelowa kama mtu aliyevuliwa kutoka kisimani. Nikaikumbuka nadhiri. Nikafunga breki. Nikazima injini hatua chache kabla ya kamba, nikageuka kutazama nyuma, nikingoja yeyote mwenye haja ya kushinda apite ashinde.

Hakuja mtu. Waliokuja ni kamati.

"Imezima! Pikipiki ya Ustadh imezima!"

"Haijazima, nimeizima mwenyewe!"

"Sukuma, Baba Njeri, sukuma!"

"Jamani, niacheni! Mama Wanjiru, nakuomba!"

"Shika usukani, mtoto wa mwenyewe, sisi tuko nyuma yako!"

Wakanisukuma. Nilikanyaga breki, magurudumu yakaserereka tu juu ya tope, nikavushwa ile kamba nimekaa wima kama bibi harusi anayetolewa nje. Mama Wanjiru akamwendea Otieno na mwavuli, akamwambia, "Inua hiyo kitu." Otieno akainua bendera. Nami ningeinua. Vigelegele, nyimbo, mukimo ukapakuliwa mvuani. Nikakabidhiwa kikombe. Daktari alifika baadaye kwa miguu, akanitazama, na safari hii hakutazama meno.

Sasa swali langu kwako, na naomba Athmani alisome polepole. Mtu aliyesukumwa akiwa amefunga breki, ameshinda? Muulize Maalim wa mtaani. Mwambie kisa chote, mwambie na habari ya breki. Nami naapa kwamba sikuwa na nia. Mpaka jibu lije, nakuomba kwa lile ziwa uliloninyonyesha, beberu asiguswe.

Alhamisi

Mama, ilikuwa bado sijaifunga bahasha, na afadhali, kwani yametokea mengine.

Jana Bwana Otieno alikuja dukani. Nilidhani anataka vifungo. Akasimama kwenye kaunta akigeuzageuza kofia yake.

"Ustadh, niaje. Iko maneno kidogo."

"Sema, mzee wangu."

"Ile kikombe. Daktari amelalamika, na amelalamika na haki. Wewe alikuwa amekupita mara mbili, na hao wengine wote wamekupita mara moja."

"Kumbe wa bluu alikuwa ni huyo huyo mmoja?"

"Ni mmoja tu. Wewe ulikuwa umebakisha mizunguko miwili, Ustadh. Ile bendera sikupaswa kuinua. Lakini yule mama na mwavuli..."

"Usijieleze. Nakuelewa kuliko unavyodhani."

"Basi umekuwa wa mwisho. Pole sana."

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nikaruka, lakini si palepale. Nitakuambia wewe, wala Mama Wanjiru asijue: zile siku mbili nilizolala na kikombe kando ya mto, nilikifuta mara moja kwa mkono wa shati. Labda mara mbili. Ndipo nikajua kwamba na mimi ni mtu kama watu, nikaona haya, nikamshukuru Otieno, nikampa kifungo cha kofia yake bure.

Kazi ikawa kukirudisha. Jumanne nilikuwa nimemruhusu Mama Wanjiru akionyeshe wenzake, akakiweka kwenye kabati lake la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma, kati ya picha ya harusi yake na vikombe vya wageni.

"Hiyo kikombe haitoki hapa," akasema.

"Mama Wanjiru, si changu. Nimekuwa wa mwisho."

"Nani amesema?"

"Otieno."

"Otieno si ni yeye aliinua bendera? Mimi nilimwona na haya macho."

"Ulimwambia ainue."

"Na yeye akakubali. Sasa?"

Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Mwisho nikamwambia kwamba mama yangu hapendi kitu cha mtu kikae nyumbani mwetu hata usiku mmoja. Hapo akainuka, akakifungia kwenye karatasi ya gazeti, akanipa. Alikuwa na huzuni kweli, na mimi nikawa na huzuni kwa huzuni yake. Halafu akasema, "Usijali, Ustadh. Jumapili ijayo tutawahi mapema." Huzuni yangu ikaisha saa ileile.

Kwa hiyo, Mama, lile swali la Maalim limejijibu. Sikushinda. Sikukaribia kushinda. Sharti la nadhiri halikutimia, beberu aendelee kula maganda yake kwa amani, nami nitaendelea na Jumapili zangu, taratibu, kwenye nyasi. Nimemwambia Kariuki airudishe injini ilivyokuwa. Amekubali kwa uso wa mtu anayeombwa kuzika mzazi wake. Kichwani navaa kofia, mifupa yangu yote ni ile uliyonizaa nayo, na mwendo wangu, wanavyosema wenzangu, unashindwa na mkokoteni wa maji. Usiniogopee. Nikizeeka nitaacha mwenyewe, bila mbuzi.

Nisalimie shangazi, shahidi wa nadhiri, na umwambie ushahidi wake hauhitajiki tena. Nisalimie Athmani mdogo wangu, msomaji wa barua na mrukaji wa mistari. Nisalimie mke wake, ambaye halua yake niliificha chini ya kitanda na bado kamati ikaipata. Wajukuu wapungue kwenye mtungi wa mchele. Jirani wa ng'ambo ya ukuta, mwenye paka, naye salamu, paka pia. Maalim mwambie aniombee, si ushindi.

Dua zako ndizo zinazonishikilia juu ya hii dunia, na juu ya ile pikipiki.

Mwanao mtiifu kadiri ya uwezo,
Bakari

Ijumaa asubuhi, kituo cha basi. Nilikuwa namkabidhi dereva bahasha, simu ikalia. Ni ujumbe wa Athmani. Anasema Mama Wanjiru aliwapigia Jumapili kutoka palepale uwanjani, na nyimbo mlizisikia. Maulidi yalisomwa Jumanne, uani palijaa. Ngozi ya beberu imeanikwa ukutani.